Nyumba Binafsi

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, mzee wa chumba namba 9 aliniinulia kiganja kama askari wa trafiki. "Nyamaza kwanza. Wanasoma wafu."

Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya moto, taulo begani, tayari kumwosha. Kwenye kimeza cha kitanda redio ilikuwa imefunguliwa Midwest Radio, na sauti ya upole ilikuwa ikisoma: jina, kijiji, kanisa, saa; jina, kijiji, kanisa, saa. Nikasimama. Maji yakapoa, nikaenda kuchota mengine. Kesho yake nilikuwa nimeshajua kuchelewa dakika kumi.

Ilikuwa 2018, katika nyumba ya wazee kaskazini mwa Mayo, magharibi ya Ireland, si mbali na Ballina, mji ambao mto Moy unaupasua katikati na watu wanavua samoni huku magari yanapita darajani juu yao. Mimi natoka Tanga, Ngamiani, na mambo ya kusikiliza vifo redioni hayakuwa mageni kwangu. Utotoni kwetu ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na yalipofika matangazo ya vifo bibi yangu alikuwa anatunyooshea mwiko mpaka tukae kimya. Bwana fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie Bwana fulani wa Korogwe, Bi fulani wa Pangani, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Kwa miaka mimi niliamini Popote Walipo ni mahali, huko mbele ya Handeni, ambako kuna misiba mingi kupita kiasi.

Naanza na hilo ili mjue kwamba kuyaelewa vibaya matangazo ya vifo sikuanzia Ireland.

Mzee wa namba 9 alikuwa amevuka miaka 90, macho yamekwisha, masikio mazima. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Akisikia "ghafla" anasema moyo, au kijana wa ajali ya gari. Akisikia "kwa utulivu, baada ya kuugua kwa muda mrefu kwa ujasiri" anasema saratani. Wanawake wanasomwa kwa jina la mume, halafu na la ukoo walikozaliwa, maana bila hilo nusu ya wasikilizaji hawatajua ni nani. Na hata hivyo haitoshi. Majina kule ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo pembezoni mwa magharibi mtu anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu: Mary Pat Tom, yaani Mary wa Pat wa Tom. Nilipomwambia kwamba kwetu angeitwa Mariamu binti Patrick bin Tom na kila mtu angeelewa, alicheka mpaka nikamwinua asipaliwe.

"Na mkishasikia, mnakwenda?" aliniuliza.

"Tunakwenda."

"Hata kama humjui aliyekufa?"

"Namjua aliyefiwa."

Hilo lilimridhisha kuliko vyeti vyangu vyote vya uuguzi.

Wenye macho walikuwa na simu. Kuna tovuti inaitwa RIP.ie, ilianzia Dundalk mwaka 2005, na nchi nzima inaifungua asubuhi kama sisi tunavyoangalia nani kaweka nini WhatsApp. Muuguzi mkuu wetu aliifungua kabla ya chai. Waairishi wa Marekani wana utani wao kwamba kurasa za vifo ndizo kurasa zao za michezo, na ukimwona yule mama anavyopitisha kidole, kata kwa kata, unaona utani haujazidi sana. Tangu 2025 tangazo moja linalipiwa euro 100, baada ya gazeti la Irish Times kuinunua tovuti, lakini wakati huo ninaousimulia ilikuwa bure.

Novemba ni mwezi wao wa marehemu. Kila nyumba inaandika orodha ya wafu wake, inatiwa kwenye bahasha, inawekwa altareni na kuombewa mwezi mzima. Mzee hawezi kuandika, akaniomba mimi. Nilikaa kwenye kiti chake nikaandika majina 64, mengine ya watu waliokufa Uingereza kwenye kazi za ujenzi, mengine ya watoto wasiofika mwaka. Tulipomaliza akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nilishamwambia siku za nyuma kwamba mama alifariki nikiwa huku. Alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri, kabla mimi sijapata hata bei ya tiketi. Nikamwambia, mzee, sisi ni Waislamu. Akasema, "Sikukuuliza hilo." Nikaandika jina la 65.

Sasa, wiki ya pili ya mwezi huo huo, mama mzazi wa mwenzangu wa zamu akafariki.

Huyu mwenzangu ndiye aliyenipokea. Alinionyesha duka linalouza mchele wa maana, alinipeleka kwa gari lake mpaka msikitini Ballyhaunis siku ya Idi na kunisubiri nje saa nzima akisoma gazeti. Jumatatu nimetoka zamu ya usiku, niko kituo cha basi, nafungua simu, nalikuta jina la mama yake. Nitalieleza tangazo lilivyosema, maana kosa langu limo ndani yake. Amefariki kwa utulivu akizungukwa na familia yake. Wamemtangulia dada yake na kaka zake wawili. Ataombolezwa na mumewe, wanawe, wajukuu, majirani na marafiki. Atalazwa katika ukumbi wa mazishi Jumanne, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Jumatano atafika kanisani kwa Misa ya saa 6 mchana, na atazikwa makaburi ya hapo hapo. Maua ya familia tu. Mwenye kupenda atoe sadaka kwa hospisi, wanaohudumia wagonjwa wasiopona. Kisha maneno ya mwisho: nyumba binafsi, tafadhali.

Nyumba binafsi. Wakati huo nilikuwa natafuta pa kupanga, kutwa nasoma matangazo ya nyumba: hii ya halmashauri, hii ya binafsi. Kwa hiyo nilielewa kwamba familia inautangazia umma kwamba wanaishi kwenye nyumba yao wenyewe, hawajapangishwa na serikali. Nikajisemea moyoni, Waairishi nao, hata kwenye msiba hawaachi kujionyesha. Lile "tafadhali" lingetosha kunishtua, nani anasema tafadhali kwa kumiliki nyumba, lakini nilikuwa nimekesha.

Nililala saa tatu, nikaamka, nikaoga, nikatoa khanga. Mikono mitupu haiingii msibani. Nikanunua kilo tano za mchele na kilo mbili za sukari, nikatia euro 20 kwenye bahasha ya rambirambi. Wenyewe hawapeleki mchele. Wanapeleka kadi ya Misa, ambayo padri ameitia sahihi kwamba marehemu ataombewa, na kadi hizo zilishaanza kuuzwa kiholela madukani mpaka Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2009 ikaweka kifungu chake maalumu cha kuzidhibiti. Nilijua habari za kadi. Niliona tu kwamba kadi haipikwi.

Teksi ikaniacha njia panda, nikatembea. Saa 10 alasiri Novemba kule ni karibu magharibi. Manyunyu yasiyotosha kufungua mwavuli na yanayotosha kukulowesha, moshi wa mboji, udongo wa kinamasi wanaoukausha na kuuchoma kama kuni, kutoka kwenye mabomba ya nyumba, na huko nyuma mlima Nephin umekatwa kichwa na wingu. Nilitegemea kuona magari mpaka barabarani. Mzee alishanisimulia misiba ya zamani: marehemu analazwa nyumbani kwake, saa ya ukutani inasimamishwa, kioo kinafunikwa, dirisha linaachwa wazi roho ipite, na majirani wanakesha kwa chai, tumbaku na rozari. Nikajua nakwenda penye watu, nitatafuta wanawake wamekaa wapi, nitaketi nao. Nimefika, naona magari mawili, mbwa mmoja, na dirisha moja lenye taa.

Nikabisha hodi.

Aliyefungua ni kaka wa mwenzangu, yuko na soksi, ndevu za siku tatu. Akaniangalia usoni, akaangalia khanga, akaangalia mfuko wa mchele. Hakusema karibu, na hakusema ondoka. Nikatoa maneno yao kama nilivyofundishwa, pole kwa taabu zako, maana kule msiba unaitwa taabu, na hapo nilijisikia nyumbani kidogo. Akajibu asante, bado kashika mlango. Nyuma yake mwenzangu akatokea ukumbini akikimbia kwa vidole vya miguu, mkono mdomoni. Nilidhani analia. Alikuwa ananionyesha ishara ninyamaze.

Nikaelewa baadaye, tuliposimama kwenye korido wanaponivua koti. Baba yao alikuwa amepoteza kumbukumbu, mwaka wa nne huo. Kila aliyekuja kumpa pole alikuwa anampa habari. Jirani wa kwanza alikuja alfajiri, akamshika mkono akamwambia pole kwa kumpoteza mkeo, na mzee akaanguka kilio kama mtu aliyepigwa. Baada ya dakika ishirini akasahau, akauliza mkewe yuko wapi. Akaja jirani wa pili. Alipofika wa tatu, watoto wakampigia msimamizi wa mazishi wakamwambia aongeze maneno yale kwenye tangazo.

Nataka niseme nilivyojisikia lakini sina neno zuri kuliko haya: nilitamani korido ipasuke. Kazi yangu ni hiyo hiyo. Kutwa niko na wazee wanaowauliza mama zao waliokufa miaka ya hamsini, nawajua kwa tabia na kwa harufu ya sweta zao, na nimekuja na khanga na kilo tano za mchele kubisha hodi kwenye nyumba pekee ya Mayo iliyoomba isibishiwe hodi. Nikaanza kuokota koti langu.

"Ni nani huyo?" sauti ikatoka jikoni. "Nani kafa?"

Sio kwamba alikumbuka. Maisha yake yote katika kijiji kile, mtu aliyevaa vizuri akisimama mlangoni siku ya kazi, kuna aliyekufa. Mwenzangu akafumba macho.

Nikaingia jikoni. Alikuwa kakaa karibu na jiko la mboji, mikono mikubwa ya mkulima imelala magotini, nywele zimechanwa vizuri na mtu mwingine. Nikamwamkia. Sikumjibu alichouliza. Kuna kanuni moja katika kazi yetu ambayo kwenye karatasi inaonekana kama uongo na chumbani inaonekana kama adabu: humuulii mtu mke wake mara mbili kwa siku moja. Nikaweka mfuko mezani mbele yake.

"Nimeleta mchele."

Akauangalia. Akaubonyeza kwa kidole. "Wa maziwa?"

Sikumwelewa. Mwenzangu akanifafanulia: kwao wali ni kitu cha utotoni, unapikwa na maziwa na sukari mpaka urojeke, unatiwa jamu juu, unaliwa kwa kijiko baada ya chakula. Mchele wangu ulikuwa basmati wa biriani, punje ndefu, kila moja na heshima yake. Nikasema ndiyo, baba, ni wa maziwa.

Nikafunga khanga kiunoni nikapika. Kaka mtu alinipa sufuria bila neno. Mwenzangu akaketi mkekani kwake, yaani kiti cha pembeni ya dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona mabega yameshuka. Basmati haitaki kurojeka. Niliukoroga karibu saa nzima, nikaongeza maziwa mara tatu, nikatumbukiza na iliki mbili nilizokuwa nazo kwenye mkoba, maana mimi iliki natembea nazo. Harufu ikajaa jikoni. Hatukuzungumza. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa, saa 8 na dakika 40. Mtu alifanya hivyo hata kama mwili haukulala pale.

Mzee akala bakuli zima na jamu ya stroberi juu. Akafuta kijiko kwa kidole gumba.

"Mke wangu anaupika vizuri zaidi," akasema.

"Hilo najua," nikasema.

"Huwa hatii hivi vitu." Alikuwa ametoa ganda la iliki mdomoni, kaliweka ukingoni mwa sahani kama mtu anavyoweka jino.

Binti yake akacheka, halafu cheko likageuka lile lingine, akatoka nje kwenda kwa mbwa.

Jumanne jioni nilikwenda ukumbini kama tangazo lilivyotaka. Foleni ilitoka mlangoni ikapita uwanja wa magari mpaka barabarani, watu wamesimama kwenye mvua wakizungumza bei ya ng'ombe. Ndani unapita mbele ya jeneza lililofunuliwa, rozari imezungushwa vidoleni mwa marehemu. Wengine wanamgusa mkono, wengine paji la uso. Mimi nilimgusa. Baridi ile sikuipata kwa mama yangu mzazi, na nilisimama pale kitambo kuliko desturi mpaka aliyekuwa nyuma akakohoa. Baadaye waliposali rozari nilikaa kiti cha nyuma. Salamu Maria kumi, kituo, kumi, kituo. Mmoja anaanza, ukumbi mzima unamalizia, sauti za chini zisizo na haraka. Ukifumba macho ni uradi, na vidole vyangu vyenyewe vikaanza kuhesabu tasbihi isiyokuwepo.

Baada ya jeneza unawapa mkono wafiwa, wamekaa safu. Nilimwogopea baba. Watu mia ngapi watamwambia pole usiku ule, na kila mmoja atamuulia mke upya? Nikamtazama nikiwa bado mbali. Kakaa wa kwanza, tai nyeusi, na kila aliyefika alimpa mkono, akamtazama usoni, akasema, "Asante kwa kuja. Una mwendo mrefu kurudi." Aliyefuata: "Asante kwa kuja." Mtu amesimama kwenye foleni kama ile tangu akiwa mtoto, pande zote mbili. Sidhani kama alijua ni foleni ya nani. Mkono ulijua. Nilipofika mimi alinishika kwa nguvu ile ile, akasema asante kwa kuja, una mwendo mrefu kurudi, kisha akanisogeza taratibu kwa binti yake, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu.

Mazishi yalikuwa mazishi. Misa, jeneza mabegani kwa wajukuu, wanawake na wanaume wote kaburini pamoja, jambo ambalo bibi yangu angeligeuzia uso, na nyasi za plastiki za kijani kufunika udongo kama kwamba udongo ni aibu. Hilo sijalizoea mpaka leo.

Alhamisi nilirudi zamu. Mzee wa namba 9 alikuwa ananisubiri, redio kaipunguza. Alitaka yote. Foleni ilifika wapi? Padri yupi? Waliobeba ni wangapi, na walibadilishana lango la makaburi au mapema? Nikamjibu huku namsugua mgongo.

"Na nyumbani? Walisema nyumba binafsi. Nilisikia."

"Walisema."

"Hukwenda, bila shaka."

Nikakamua kitambaa. "Nilikwenda."

Akanyamaza. Niliona shingo yake inakuwa nyekundu, nikajua ama atanigombeza ama atacheka.

"Walikupa chai?"

"Walinipa. Na nikawapikia wali."

"Wali," akasema, kama mtu anayelionja neno. Alikuwa na swali jingine, mdomo ulikwisha kufunguka, lakini habari za redio zilikuwa zimefika mwisho. Akaniinulia kiganja.